Siku Radi Alipomuaga Ngurumo

Doreen alibeba miamvuli miwili, na mmoja haukuwa wake.

Wake ulikuwa wa maua, umefunguka juu ya kichwa, ukihangaika na mvua ya Tukuyu ambayo tangu asubuhi haikuwa imeamua kunyesha wala kuacha. Wa pili ameubana kwapani: mweusi, mzito, wa kizee, mpini wake wa mti umezungushiwa mpira wa baiskeli pale ulipopasuka. Ndani ya mkoba mlikuwa na daftari moja gumu. Alikusudia kuviacha vyote viwili, mwamvuli na daftari, kwa Shangazi Esnath mlangoni, aseme asante, ageuke, arudi chumbani kwake kufunga mizigo. Dakika tano. Hata kumwona Amoni halikuwa jambo la lazima.

Jumatatu angetia saini. Nesi mmoja wa Singida, nyumbani kwao, alikuwa amekubali kubadilishana naye kituo. Fomu zimejazwa, mihuri imegongwa, imebaki sahihi yake tu. Miaka miwili ya ukungu, ndizi na Amoni ingekwisha kwa mstari mmoja wa kalamu.

Alipokaribia banda la video la Amoni, kule mtaa wa Bagamoyo, nyuma ya mashine ya kusaga, alisikia kelele akadhani watu wanagombana. Walikuwa wanagombana kweli.

"Talaka gani hii isiyo na wazee?" Hiyo ilikuwa sauti ya Prosper, dereva wa bodaboda. "Watu wamekaa pamoja miaka saba, halafu unaamka asubuhi unasoma kwenye simu kwamba kila mtu achukue wake? Hata kwa mtendaji hawakupita?"

"Wangepita kwa mtendaji gani na wako Ulaya?" alijibu mwanamke mmoja.

"Ulaya hakuna kata?"

Banda zima likacheka, kisha likaguna, kama watu wanaocheka msibani.

Habari yenyewe ilikuwa imefika Jumanne, ikatembea kwenye simu za Tukuyu nzima kabla chai ya saa nne haijaiva. Kampuni mbili za sinema za huko ng'ambo zilikuwa zikishirikiana kutengeneza mfululizo wa filamu za mashujaa. Moja ilimmiliki mwanamume mwenye nguvu za kutikisa milima, nyingine ikammiliki mwanamke anayepasua giza kwa vidole vyake. Majina yao ya Kizungu hapa hayakumhusu mtu. Amoni, aliyekuwa akizitafsiri filamu hizo kwa maiki mbele ya watazamaji, alishawabatiza: Ngurumo na Radi. Sasa kampuni zimeshindwana. Radi anarudi kwa wenyewe, Ngurumo anabaki kwa wenyewe, na filamu ya nne, inayoonyeshwa leo saa tisa, ndiyo ya mwisho watakayoonekana pamoja.

Shangazi Esnath alikuwa mlangoni chini ya turubai, beseni la mahindi ya kuchemsha mbele yake. Alimtazama Doreen kuanzia viatu.

"Nesi! Nilijua utakuja."

"Shikamoo, shangazi. Sikai. Nimeleta vitu tu."

"Marahaba. Vitu gani? Wiki tatu hatukuoni, unakuja kuniletea vitu?" Macho yake yakatua kwenye mwamvuli mweusi, na midomo yake ikabana kitu kilichofanana na kicheko. "Ahaa. Kumbe uko kwako. Mwenyewe analowa kila siku."

"Ndiyo maana nimeurudisha. Naomba umpe."

"Mimi mikono yangu ina mahindi. Ingia uuweke ndani."

Doreen alipaswa kukataa hapo hapo. Lakini mvua iliongeza kasi, na mtu aliyekuwa nyuma yake akamsukuma kidogo, akajikuta ndani.

Mabenchi yalijaa. Wachuma chai walikuwa wamekuja na makapu yao, walimu wawili wa sekondari wamekaa karibu na ukuta, mama mmoja ananyonyesha. Na kwenye benchi la mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti, koti kubwa la kijivu mabegani, alikaa Mzee Anyelwisye, baba yake Amoni.

Mzee aligeuka. Akamwona.

Alisimama kwa haraka ambayo goti lake bovu halikuizoea, akavuta koti likamfunika nusu ya uso, akampa mgongo. Watu walijibana kumpisha. Akatokea mlango wa pembeni, akaingia mvuani kichwa wazi.

Doreen alihisi mashavu yakiwaka. Mara ya pili sasa. Na safari hii mbele ya watu sitini.

Wiki tatu nyuma alikuwa ametoka kuchanja watoto Lufingo, anashuka njia nyembamba kati ya migomba, ndipo alipokutana na mzee uso kwa uso. Alifurahi. Walifahamiana. Mzee alikuwa akija hospitali na goti lake, akimpa mkono, akimletea maparachichi ndani ya kofia, akimtania kwamba Singida hakuna mvua ndiyo maana watu wake wana maneno makavu. Ila siku mbili kabla ya hapo, Amoni alikuwa amemweleza baba yake kwamba anataka kumuoa. "Hajasema kitu," Amoni alimwambia Doreen. "Mpe muda." Basi pale njiani Doreen akapiga goti, akasema shikamoo. Mzee aliuangusha mwamvuli wake, akajitosa migombani kama aliyeona chui. Doreen akamkimbilia na mwamvuli mkononi akiita, "Mzee Anyelwisye! Mzee Anyelwisye, mwamvuli wako! Mzee Anyelwisye!" Akina mama waliokuwa bombani walishika midomo yao, mabega yakiwatikisika.

Aliielewa picha hiyo vizuri sana. Alipokuwa hajui, alinipa mkono. Alipojua, amenikimbia.

Hakumwambia Amoni. Angemwambia nini? Kwamba achague kati yake na baba yake? Yeye si mwanamke wa kumtenganisha mtu na mzazi wake. Alimwambia tu kwamba ameomba kubadilishana kituo. Amoni akasema, "Sawa. Safari njema." Maneno matatu. Huyo ndiye mwanamume aliyeweza kuwasemea mashujaa kumi kwa sauti kumi.

Sasa aligeuka atoke, lakini mchuma chai mmoja, Elina, alimshika kiganja kwa mkono wake mgumu.

"Radi, unakwenda wapi? Jamani, Radi amekuja!"

"Radi! Radi! Radi!" Mabenchi yakapigwa makofi.

"Wiki iliyopita Amoni alijaribu kukusemea," Elina alisema. "Radi alikuwa na mafua. Nakuapia, nesi, Radi alikuwa mwanamume mwenye mafua."

Machozi yalikuwa karibu, na mahali pekee pa kuyaficha palikuwa nyuma ya pazia, penye meza ya maiki. Akaenda huko.

Amoni alikuwa ameinama juu ya kompyuta. Aliinua kichwa, na kwa nukta moja uso wake ukawa ule wa zamani, ule wa Jumamosi ya kwanza, Doreen alipokuwa mtazamaji tu na kumpigia kelele kutoka benchi la nyuma: "Mwanamke gani anaongea hivyo? Kwani amekanyagwa?" Amoni alitoka nyuma ya pazia siku ile, akamkabidhi maiki mbele ya wote. "Basi msemee wewe." Akamsemea. Wakawasemea mashujaa pamoja hivyo miezi kumi na minne.

Kisha uso ukajifunga.

"Umekuja."

"Nimeleta daftari. La maneno ya Radi."

"Weka hapo."

Aliliweka. Hakuna aliyelitazama.

"Umekonda," Amoni alisema.

"Wewe ndiye umekonda."

"Mimi nakula mahindi ya shangazi. Hayanenepeshi mtu mwenye mawazo." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Doreen, nje kuna watu wametoka mpaka Kinyala na mvua hii. Wamekuja kuwaaga watu wao. Nisaidie hii moja."

"Hii moja tu. Kisha naondoka."

"Hiyo kazi yako ya kuondoka naijua. Huna haja ya kunikumbusha."

Alimvutia kiti. Kiti kilikuwa na mto mdogo wa kitenge, ule alioushona Doreen mwenyewe. Amoni hakuutoa. Wiki tatu, na hakuutoa.

Filamu ikaanza. Doreen aliogopa sauti ingemgomea, lakini Radi alipotokea kwenye kitambaa cheupe na joho lake la fedha, maneno yalikuja yenyewe, laini na makali, na banda likashangilia kana kwamba ndugu ameshuka kwenye basi. Amoni alijibu kwa kifua cha Ngurumo. Waliingiana kama zamani: huyu akivuta pumzi, yule anajua neno gani linakuja. Mara mbili mikono yao iligusana kwenye waya wa maiki. Mara mbili iliondoshwa.

Saa ya pili ya filamu ilipokaribia kwisha, mashujaa walifika juu ya daraja la kioo, adui amekwisha, mji umepona. Radi akamgeukia Ngurumo, na watu wote wakajua.

"Aaah, bado!" alilia Prosper. "Amoni, badilisha! Sema wanaoana!"

"Badilisha! Wewe ndiye mwenye maiki!"

Amoni alisimamisha picha, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Jamani, mimi ni mtafsiri, si mganga. Mdomo wake ukisema kwaheri, mimi nitasemaje karibu? Nikidanganya leo, kesho mtaniamini?"

"Tudanganye leo tu!"

Walicheka kwa unyonge. Amoni akaiachia picha. Kwenye daraja, Ngurumo aliuliza, na Amoni akaliweka swali kwa Kiswahili, polepole: "Kwa nini unaondoka?"

Ilikuwa zamu ya Doreen. Alisikia Kiingereza cha Radi chini chini kwenye spika, kitu kuhusu wajibu na dunia nyingine. Alifungua mdomo aseme hivyo. Hakikutoka hicho.

"Kwa sababu baba yako alinipa mgongo," alisema Radi, kwa sauti ya Doreen.

Vichwa vikageukia pazia, mvua ikipiga bati.

Amoni alimgeukia. Picha iliendelea, midomo ya mashujaa ikicheza bila mtu wa kuisemea.

"Baba yangu? Lini?"

"Lufingo. Njiani." Maiki ilikuwa bado mdomoni, na hakujali tena. "Nilimsalimu, akaangusha mwamvuli akakimbilia migombani. Mtu aliyekuwa ananiletea maparachichi. Na leo tena, hapo mbele, kila mtu ameona. Akinitazama kama mchawi nikae hapa kufanya nini, Amoni? Nikupokonye baba?"

Amoni alifunga macho, akaweka kiganja usoni. Na kule mbele ya pazia kikaanza kicheko. Kwanza cha Elina, kisha cha benchi zima la wachuma chai, kisha banda lote likawa linavuma, watu wanapigana mabegani, mtu anafuta machozi.

Doreen alisimama. Kiti kikaanguka.

"Mnanicheka?"

"Hapana, mama, hapana!" Elina alikuwa akihema. "Jamani mwambieni, mtoto wa watu atakufa!"

Pazia likavutwa. Shangazi Esnath aliingia, akaokota kiti, akamkalisha Doreen kwa mikono miwili kama anayemkalisha mgonjwa.

"Nesi, sikiliza. Huko kwenu mkwe na baba mkwe wanafanyaje?"

"Wanasalimiana. Wanafanyaje kwani?"

"Hapa hawaonani. Kwetu inaitwa kutila. Mwanamke wa mwanao unamwogopa, naye anakuogopa. Humpi mkono, humtazami, mkikutana njiani mmoja anapisha. Na wewe humtaji jina lake, hata ukiwa chumbani peke yako. Vijana wengi wameacha, wanasalimiana tu kanisani. Lakini kaka yangu ni mtu wa zamani. Amekufanyia kitu ambacho hakuwafanyia wake wa watoto wake wawili wa mjini, kwa sababu wale hakuwapenda."

Doreen alimtazama asielewe, kisha akaanza kuelewa, na kuelewa kukaja taratibu kama joto kwenye vidole vilivyopigwa na baridi.

"Kwa hiyo pale njiani..."

"Pale njiani alikwisha kukuita mkwe. Tangu hapo hana raha. Akitaka kwenda sokoni lazima atume mtu aulize, 'Mkwe hayuko huko?' Hospitali ameacha, goti limevimba hivi. Anakuogopa kwa nguvu zake zote!" Shangazi akashusha sauti. "Ukitafuta aliyekupinga, ni mimi. Nilimwambia Amoni watumishi wa serikali wanaondoka na karatasi za uhamisho. Naye uliposema karatasi, akaona nilisema kweli. Aliyekosa yuko mbele yako."

"Nilimwita jina," Doreen alisema kwa sauti ndogo. "Mara tatu. Nikimkimbiza."

"Uuuwi!" banda likalia kwa furaha isiyo na kipimo.

"Tunajua," alisema Elina. "Bombani tulikuwepo."

Amoni alipiga goti kando ya kiti. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilipaswa kukwambia. Niliona haya, Doreen. Nilidhani utatuona washamba, watu wa kukimbiana migombani. Nikasema nitakwambia kesho. Kila siku kesho."

"Na ile 'safari njema' yako?"

"Nilisema hivyo kisha nikakaa kwenye gunia la mahindi la shangazi mpaka jioni. Muulize."

"Alilikalia likapasuka," Shangazi akathibitisha.

Doreen alitaka kukasirika, alikuwa na haki, lakini kilichomtoka kilikuwa kicheko kilichochanganyika na kilio. Ndipo kikasikika kikohozi nyuma ya ukuta wa mbao, upande wa nje, hatua moja kutoka alipoketi.

"Gwe, wewe Amoni!" Sauti ya mzee, nzito, ya milimani. "Mwambie huyo mtu mwamvuli wangu nauomba. Ninalowa."

Kumbe alikuwa hapo muda wote, chini ya upenu wa paa, sikio kwenye ubao.

Doreen aliuchukua mwamvuli. Amoni alinyoosha mkono ampelekee, lakini Doreen akatikisa kichwa. Alimtazama Shangazi Esnath. "Nifanyeje?"

"Uweke mlangoni, chini. Kisha geuka."

Watu wakampisha hadi mlango wa pembeni. Aliulaza mwamvuli kizingitini kwa mikono yote miwili, akageuka, akachuchumaa, akainamisha uso. Alisikia viatu vya mpira kwenye tope, vikisogea navyo vimegeuka, kinyumenyume, kwa tahadhari ya mtu anayekaribia mtoto aliyelala. Mkono ukapapasa. Mpini wa mti ukagonga fimbo. Migongo yao haikuachana hata nusu hatua, na Doreen hakuwahi maishani mwake kuhisi amepokelewa hivyo.

"Ndaga," mzee alishukuru kwa kilugha chake, akiiambia mvua na migomba, si yeye. "Ndaga fijo." Kisha mwamvuli ukafunguka kwa mlio, na sauti ikarudi kwenye kona yake ya ukuta: "Sasa malizeni sinema. Nimesimama sana."

Amoni alirudisha picha pale kwenye daraja.

"Nisemeje?" alimnong'oneza Doreen. "Wewe sema tu, nitakufuata. Hata nikidanganya mara moja maishani."

Doreen aliwatazama Radi na Ngurumo, wawili waliotenganishwa na watu wasiowajua, mezani, mbali. Alivuta maiki. "Hapana. Tuwasemee haki yao."

Akamsemea Radi kama alivyosema mwenyewe, neno kwa neno: kwamba alipewa dunia nyingine ya kuilinda, kwamba hakuchagua, kwamba popote giza litakapopasuka, Ngurumo ajue ni yeye. "Kwaheri, mpenzi wangu." Amoni akajibu kwaheri, na sauti ya Ngurumo ikakatika katikati kwa namna ambayo haikuwa kwenye filamu. Mabenchi yalilia. Prosper alilia waziwazi, kofia ya pikipiki imekumbatiwa kifuani. Chini ya meza, vidole vya Doreen vilikuwa vimeshikwa na vidole vya Amoni, na havikuwa na mpango wa kuachiliwa.

Joho la fedha likaanza kupotea mwisho wa daraja. Hapo ubao wa ukuta ukagongwa kwa fimbo.

"Amoni!" Sauti ya mzee ilikuwa imelowa, na si kwa mvua. "Gwe Amoni! Mwambie asiondoke!"

Banda zima liligeukia ukutani. Hakuna aliyecheka.

Doreen hakuweza kumjibu. Haikuruhusiwa. Basi akaliinamia sikio la Amoni, karibu kabisa, maiki ikiwa bado wazi, watu wote wakisikia.

"Mwambie siendi."